Kabla Hujayamwaga Maji ya Gereji, Kiulize Kitunguu

Maji ya kuoshea injini yakishapita kwenye mchanga na mkaa wa vifuu hutoka meupe pe, hayanuki. Mimi siyaamini hata hivyo. Unguja yetu imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye nyufa. Ukiyamwaga hapa Mwanakwerekwe hayachelewi kufika kwenye maji ya visima. Na benzini, sumu iliyomo ndani ya petroli, huyeyuka majini, kwa hiyo utando wa mafuta unaweza kuondoka na yenyewe ikabaki.

Ndiyo maana vijana wa gereji nawafundisha kupima kwa kitunguu maji: maji yakiwa na sumu, mizizi yake hudumaa.

Anza na chupa za kioo, maana plastiki hunyonya mafuta. Jaza tatu kwa maji yaliyochujwa, moja kwa kila siku ya kupima, taratibu, mpaka juu kabisa, ufunge pasibaki hewa, kisha weka kwenye friji. Sumu za petroli huruka upesi. Chupa ukishaifungua ni ya siku hiyo tu.

Tafuta vitunguu vidogo vya ukubwa mmoja, vitano kwa kila aina ya maji. Menya ganda kavu. Kwa wembe, kwangua mizizi ya zamani, lakini kile kiduara cha kitakoni usikijeruhi, ndiko inakochipukia mipya. Kikalishe mdomoni mwa glasi, kitako kiguse maji tu.

Glasi za kwanza tia maji yaliyochujwa kama yalivyo, nyingine nusu kwa nusu, nyingine robo. Za mwisho ni za kulinganishia, na hapa usitie maji ya dukani. Visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi nayo hudumaza mizizi. Mkaa mpya pia huachia majivu. Chukua maji ya kisima kile kile cha kuoshea, yapitishe kwenye chujio la aina ile ile ambalo halijaonja mafuta. Hayo hayo ndiyo ya kuchanganyia.

Weka gizani siku tatu, ukibadilisha maji kila siku. Kisha shika rula, pima mizizi mirefu ya kila kitunguu, piga wastani. Mizima huwa myeupe, imenyooka. Iliyodhurika ni mifupi, imepinda, ncha zina rangi ya kahawia. Ikifika nusu tu ya ile ya kulinganishia, badilisha mkaa, usimwage kitu.

Kitunguu kikiota vizuri, bado usinywe. Benzini huleta saratani ya damu kwa miaka, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita. Kiasi hicho kitunguu hakikihisi. Kinatafutwa kwa mashine ya maabara.