Waya za meno ukiwa Mbeya na daktari yuko Dar

Mimi ni fundi cherehani hapa Mafiati, na kwa miaka kumi na miwili nimekata nyuzi kwa meno. Mkasi uko mezani, meno yako mdomoni, mteja amesimama mlangoni anataka nguo yake, utafanyaje. Nilipofika miaka 31 meno yangu ya mbele ya chini yalikuwa yamepandana kama abiria wa daladala ya Uyole jioni, na chonge ya juu kushoto imetokeza nje. Nikafunga waya. Nilikaa nazo miezi 26, na hadi leo akina mama wanaoleta sare za shule wakimaliza habari za sketi wananigeukia: "Dada fundi, na huyu wangu meno yake tumfanyeje?" Haya, nawaandikia.

Mtoto mpeleke akaangaliwe akifika kama miaka 7. Kuangaliwa si kufungwa. Wengi wataambiwa warudi baadaye, meno ya utoto yakishaisha. Mtu mzima naye asijione amechelewa, jino linasogea katika umri wowote mradi fizi na mfupa wake ni wazima.

Kabla hujauliza bei, uliza picha. Mahali nilipoenda mara ya kwanza, sipataji, kijana alinifungua mdomo, akamulika kwa tochi ya simu, akasema njoo Jumatatu tufunge. Mimi mwenyewe sikati kitambaa cha mtu sijampima. Nikashukuru, nikaondoka. Daktari wa pili, bingwa wa kupanga meno huko Dar, alinipiga eksirei inayoonesha taya zote mbili, na nyingine ya kichwa kwa ubavu. Hapo ndipo nilipoona gego langu la mwisho limelala chali ndani ya mfupa. Picha hizo huonesha mizizi, meno yaliyojificha, na mahali mfupa ulipoanza kuliwa. Ukivuta jino ambalo mfupa wake unaumwa, unaling'oa polepole kwa pesa yako mwenyewe.

Na kama una mwanya, sema mapema. Kwa daktari, nafasi kati ya meno ni kitu cha kuzibwa. Wangu nimeurithi kwa bibi yangu wa Tukuyu, ambaye mpaka anazeeka alikuwa anasifiwa kwa huo mwanya. Nilimwambia daktari, akacheka, akaandika kwenye faili: mwanya wa juu ubaki. Wanaotaka kuuziba nao wasijifunge mpira wa noti nyumbani kama wanavyoonesha kwenye video. Jino ni jembamba kuelekea kwenye mzizi, mpira unateleza unaingia chini ya ufizi, hauonekani tena, unakula mfupa hadi jino linalegea.

Sasa vifaa vyenyewe. Ni vingi, na kila kimoja kina matangazo yake. Mimi nilichagua kwa kujiuliza maswali mawili: niko mbali kiasi gani na daktari, na mdomo wangu una tabia gani.

Kinachobandikwa kwenye jino ni braketi, kibati kidogo chenye mfereji katikati. Zamani kila jino lilivishwa pete ya chuma. Mwaka 1955 daktari wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, alionesha kwamba asidi ikikwaruza uso wa jino, gundi inashika, na ndiyo njia iliyofika kwenye kubandika. Lakini mfanyakazi ni waya. Waya wa chuma cha pua ukiukunja sana unabaki hivyo hivyo. Waya wa kuanzia wa siku hizi ni wa nikeli na titani, mchanganyiko uliotoka kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani, na George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa akauingiza kwenye meno miaka ya 1970. Unalazimishwa kufuata meno yaliyopinda, nao unataka kurudi kwenye umbo lake, kwa hiyo unavuta taratibu wiki baada ya wiki. Daktari wangu aliuchovya kwenye maji ya baridi, ukalegea kama uzi uliolowa. Akaushika kwa vidole vyake vyenye joto, ukajirudi wenyewe mbele ya macho yangu.

Ndipo nikazielewa asubuhi zangu za Juni. Mnaijua baridi yetu. Nikinywa chai ya moto nilikuwa nahisi meno yanakazwa. Nikisukutua maji ya bomba, yanaachiwa. Si waya zote ziko hivyo, ni zile zinazoamshwa na joto la mdomo. Ukiwa nayo na meno yanakuuma usiku, jaribu maji ya baridi kwanza, panadol baadaye. Maumivu yenyewe ni ya siku tatu nne baada ya kukazwa. Kwa sisi wa mbali faida ya waya huu ni kubwa: mimi nilikuwa narudi Dar kila baada ya wiki 8. Jino likisogea milimita moja kwa mwezi huo ni mwendo mzuri, kwa hiyo anayekuahidi kumaliza kila kitu kwa miezi mitatu muulize anasogeza nini.

Kifaa ambacho kila mtu anakitaka sasa ni alaina, vile vifuniko vya plastiki vinavyoangaza, vya kuvaa na kuvua. Mdomo unapigwa skana, kompyuta inapanga safari nzima ya meno, halafu unapewa mfululizo wa vifuniko, kila kimoja kinasogeza jino kwa kama robo milimita. Kampuni iliyovisambaza, Align Technology, ilianzishwa California mwaka 1997. Kwa mtu wa mbali vina raha yake: unaweza kupewa vya miezi kadhaa ukabadilisha mwenyewe. Lakini vinavaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku, vinavuliwa kila unapokula, na ukiwa umevivaa yanaruhusiwa maji ya baridi tu. Chai ya moto inavipinda, na ya rangi inavitia madoa. Mimi nakunywa chai kuanzia nafungua kibanda hadi nafunga. Nilijihesabia, nikaona vingeshinda mezani karibu na bobini. Mtu mwenye nidhamu na meno yaliyopinda kidogo, avichukue. Kijana wa miaka 13 anayesahau hata daftari, mfunge waya.

Braketi zenye kijimlango chake, zisizohitaji vipira vya kuushikilia waya, zinasifiwa kwamba zinamaliza kazi haraka. Tafiti zilizozilinganisha na za kawaida hazikuona tofauti ya maana ya muda, kwa hiyo usilipe zaidi kwa sababu hiyo. Za kauri zinafanana na jino, ni nzuri kwa mtu wa mapokezi, ila vile vipira vyake vyeupe vikikutana na pilau yenye manjano vinageuka manjano siku hiyo hiyo. Skrubu ndogo za kwenye mfupa zinatisha kwa jina tu. Niliwekewa mbili kwa ganzi ili nyuma pawe na mhimili wa kuvutia.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni la njiani. Basi limetoka Dar, tumeshapita Kitonga, ncha ya waya ikachomoka nyuma ikaanza kunichoma shavu kila tukiruka tuta. Nta niliyopewa nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nilitoa penseli ya kuchorea, nikageuza upande wa raba, nikausukuma waya taratibu ukalala nyuma ya braketi, nikakunja kipande cha pamba nikakibana hapo hadi Mbeya. Kwa hiyo nta ikae kwenye pochi, si kabatini. Kausha kwanza jino kwa kitambaa, finyanga nta kiasi cha punje ya hindi, kandamiza. Na kabla ya kufungwa huko mbali, tafuta daktari wa meno wa hapa mjini atakayekubali kukata waya ukichomoka au kuitazama braketi iliyobanduka. Picha za kumtumia bingwa piga mchana karibu na dirisha, vijiko viwili vya chai vikivuta mashavu, mtu mwingine ashike simu.

Chakula kwetu si tabu. Parachichi, ndizi za Tukuyu, viazi, makande yaliyoiva hadi kupasuka. Hindi la kuchoma lipukuchue kwanza kwa kisu. Muwa sahau, na mifupa ya kuku waachie wengine. Nilipoteza braketi moja kwa karanga, nyingine, kwa aibu, kwa uzi wa jinzi. Mswaki upite juu ya waya na chini ya waya, halafu ule mdogo wa umbo la kuoshea chupa upite katikati, kwa dawa yenye floraidi. Ukizembea, siku braketi zinatolewa utakuta jino limenyooka lakini lina kivuli cheupe kama chaki kuzunguka pale kibati kilipokuwa. Hakifutiki kwa kusugua.

Ukipewa raba za kuunganisha juu na chini, badilisha kila siku hata kama hazijakatika, zinachoka. Usivae mbili ukidhani utawahi.

Mwisho kuna riteina, kifaa cha kuvaa baada ya waya kutolewa ili meno yasirudi, na hii iingie kwenye bei tangu mwanzo, uliza. Meno yanakumbuka yalikotoka. Riteina yangu ya kwanza niliivua kwa mama lishe pale Kabwe, nikaifunga kwenye tishu, tishu ikaondoka na sahani. Nilikaa wiki tatu nikisubiri nyingine, na hiyo mpya ilipofika jino moja la chini lilikuwa limeshaanza kugeuka. Sasa inalala kwenye kopo la vifungo lenye kifuniko chekundu, kila usiku naivaa. Mkasi mdogo nimeufunga kwa utepe shingoni, na mwanafunzi wangu wa ushonaji nimemruhusu anipige rula mkononi akiniona nimepeleka uzi mdomoni. Wiki hii amenipiga mara mbili.