Somo: alleged, supposed, presumed, apparent… uchukue lipi?

Asalaam aleikum jamaa. Hili somo ni la vijana wa Malindi mnaotembeza wageni na nyinyi mnaoandika habari za mtaani kwa kizungu, manake kila siku naona mtu kaweka "alleged" pahali pa "supposed" na hajui kwamba kashamtia mwenzake kwa kesi. Haya maneno yote ni ya mtu asiye na hakika, lakini kila moja lina mlango wake.

Hatua ya 1. Kabla hujaandika jiulize, hii habari naitoa wapi? Kwa macho yangu, kwa midomo ya watu, kwa polisi na korti, ama nakisia tu kwa dalili? Ukishajibu hapo neno lenyewe karibu lishapatikana.

Hatua ya 2. Kama ni tuhuma, weka "alleged". Mtu kashikwa ati kaiba injini ya boti na kesi haijaisha, huyo ni "the alleged thief", usimwite mwizi hata kama mtaa mzima wamjua, hiyo ni haki yake. Neno hili ni la mabaya, usilipeleke kwa wema wa mtu. Na ile "ed" ya mwisho msiivute, sema "alejd".

Hatua ya 3. "Supposed", na hapa nitakaa kidogo kwa sababu yatuhusu sisi. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498 akapata rubani wa kumvusha mpaka Calicut kule India. Watembezaji wengi humwambia mgeni bila wasiwasi kwamba rubani huyo ni Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa bahari wa Kiarabu, na hali wanahistoria wengi sa hivi hawakubali, na Barros, mwandishi wa historia wa Kireno, mwenyewe aliandika kwamba alikuwa Mwislamu wa Gujarat. Basi ukisimama pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama sema "Ibn Majid, the supposed pilot", yani watu ndio wasemao, mimi sitii sahihi. Hapo mgeni hujamdanganya na Ibn Majid hujamvunjia heshima. Ukiandika kisomi zaidi kuna "putative", ni lilelile ila halina kejeli. "So-called" mara nyingi ni ile "ati" yetu, ukiandika "his so-called wife" ushatukana nyumba ya watu.

Hatua ya 4. "Presumed" lina nguvu kuliko "supposed", dalili zipo na jambo lachukuliwa kuwa kweli mpaka lipinduliwe. Ndio maana Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, yasema mshtakiwa ni "presumed innocent". Chombo kikizama na mtu asipatikane wanaandika "missing, presumed dead", na tafadhali msiweke "supposed" hapo, itakuwa kama mwawaambia waliofiwa kwamba hamuwaamini.

Hatua ya 5. "Apparent" ni la macho, na lina mtego. Likitangulia jina lina shaka: "the apparent calm", bahari yaonekana shwari lakini huenda kuna mkondo chini. Likija baada ya "is" lageuka, "it is apparent that he lied" maana yake ni wazi kabisa kasema uongo. "Seeming" ni ndugu yake mwenye shaka zaidi, nalo hukaa mbele ya jina tu. "Ostensible" ni la sababu inayotolewa mbele za watu na huku nyuma huenda kuna nyingine.

MASWALI

Dada wa Lamu: Maalim, wale wenzetu wa Pate wanaosema babu zao ni mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na jahazi, niwaandikeje?

Jibu: Dada, andika "who claim Chinese descent", wawe ni wao wenyewe wasemao. "Supposed" itawauma, ni kama wawakatalia ukoo wao mlangoni kwao.

Kijana wa Watamu: Kwa hivyo nikiweka "allegedly" kila pahali siwezi kushtakiwa?

Jibu: La, usijidanganye kabisa. Ukieneza uvumi wa kumchafulia mtu jina, neno moja halikukingi. Lazima awepo aliyedai kweli, awe polisi ama karatasi ya mashtaka, na umtaje.

Mwanachama wa Shela: Mbona "heir apparent" hana shaka na umesema "apparent" ni la shaka?

Jibu: Swali zuri sana shekhe. Hapo "apparent" limekuja nyuma ya jina na limebaki na maana ya dhahiri, ni mrithi ambaye hata akizaliwa nani hasukumwi. Yule anayeweza kusukumwa anaitwa "heir presumptive". Malkia Elizabeth wa Uingereza, kabla hajatawala, alikuwa "presumptive", kwa sheria ya wakati ule babake angepata mtoto wa kiume basi angempita, na alibaki "presumptive" mpaka Februari 1952 babake alipofariki, yeye akiwa huku kwetu Kenya, kwenye hoteli ya Treetops, upande wa Nyeri.