Maumbo ya Msingi kwenye AutoCAD: Tuchore Bamba la Chini ya Nguzo

Wengi wanaoanza AutoCAD, programu ya kuchorea michoro ya kiufundi kwenye kompyuta, hushika kipanya wakavuta mstari huku na duara kule, na mwisho wa wiki bado hawana mchoro ambao fundi wa kuchomelea anaweza kuupokea akakata chuma. Vijana wa karakana mimi huwaanzisha kwa njia nyingine: siku hiyo hiyo ya kwanza tunachora kitu chenye vipimo, na kila kipimo kinaandikwa kwa kibodi. Hapa tutachora bamba la chini ya nguzo. Ni mraba wa milimita 200 wenye matundu manne ya boliti za M16 (kipenyo cha milimita 16), na katikati yake linasimama bomba la mraba la 80 kwa 80. Kazi hii moja inakupa mraba, duara, pembesita na pembetatu.

Hatua ya 1: Andaa mchoro

Fungua mchoro mpya kwa kiolezo cha acadiso.dwt, ambacho ni cha milimita. Kile cha acad.dwt ni cha inchi, kiache. Andika UN, bonyeza Enter, kisha kwenye Precision chagua 0.00 na kwenye Insertion scale chagua Millimeters.

Sasa andika OS, Enter, uweke tiki kwenye Endpoint, Midpoint na Center. Kitufe cha F3 ndicho kinachowasha na kuzima unasaji huu wa ncha na vitovu. Usichore bila huo. Kwa macho mistari miwili itaonekana imegusana, lakini ukikuza utakuta mwanya katikati yake.

Hatua ya 2: Elewa namba kabla ya umbo

Ukiandika 25,25 unaiambia programu: toka kwenye 0,0, nenda 25 kulia na 25 juu. Ukitanguliza alama ya @, mfano @150,0, unahesabu kutoka nukta uliyoiweka mwisho. Mkato hutenganisha kulia na juu, kwa hiyo desimali iandike kwa nukta: 17.5, kamwe si 17,5. Kuna kitu kimoja huwachanganya watu. Kitufe cha F12 kikiwa kimewashwa, nukta ya pili na zinazofuata huhesabiwa kutoka ile iliyotangulia hata kama hukuweka @. Wewe iandike @ kila unapoihitaji, na matokeo yatakuwa yale yale F12 ikiwaka au ikizimwa.

Hatua ya 3: Mraba

Andika REC, Enter. Kona ya kwanza: 0,0 Enter. Kona ya pili: @200,200 Enter. Usipoliona bamba lote, andika Z, Enter, E, Enter.

Kona kali za bamba humkata mbebaji, tuziviringishe. Andika F, Enter, R, Enter, 10, Enter, P, Enter, halafu bofya mraba. Kona zote nne zinageuka kwa mara moja, kwa sababu REC huchora umbo zima kama kitu kimoja. Hakikisha kwa LI, Enter, bofya bamba, Enter: eneo linapaswa kusomeka 39914.16. Likisomeka 40000.00, kona hazijaviringishwa.

Hatua ya 4: Duara

Boliti ya M16 tunaitobolea tundu la milimita 18 ili ipite bila kugongwa nyundo. Andika C, Enter, 25,25 Enter. Hapa programu inataka nusu kipenyo. Fundi husema kipenyo, na keekee yake ya kutobolea imeandikwa kipenyo, basi andika D, Enter, 18, Enter. Jizoeze hiyo D mpaka mkono uizoee: anayeandika 18 moja kwa moja anapata tundu la milimita 36.

Matundu mengine tunanakili. CO, Enter, bofya duara, Enter, bofya kitovu chake, @150,0 Enter, na Enter tena kufunga. Kisha rudia amri hiyo, safari hii ukichagua maduara yote mawili, na uandike @0,150. Manne yametimia.

Hatua ya 5: Bomba la katikati

REC, Enter, 60,60 Enter, @80,80 Enter. Ili kupata unene wa ukuta wa milimita 3: O, Enter, 3, Enter, bofya mraba huo, kisha bofya ndani yake. Enter.

Hatua ya 6: Pembesita ya nati

Hapa tulia. Nati ya kawaida ya M16 hushikwa na spana ya 24, yaani kutoka ubavu mmoja bapa hadi wa pili ni milimita 24. Tuichore pembeni: POL, Enter, 6, Enter, 350,200 Enter. Programu itakuuliza I au C. Ukichagua I, ile nusu kipenyo utakayoandika inapimwa mpaka kwenye pembe. Ukichagua C, inapimwa mpaka katikati ya ubavu. Spana hushika ubavu. Kwa hiyo C, Enter, 12, Enter.

Kosa la kuchagua I halionekani kwa macho, kwani umbo linatoka zuri vile vile. Lakini pima kwa DI, amri ya kupima umbali, kutoka katikati ya ubavu hadi katikati ya ubavu unaoutazama, utasoma 20.78. Spana ya 24 itazunguka bila kushika kitu. Malizia na boliti yenyewe: C, Enter, 350,200 Enter, D, Enter, 16, Enter.

Hatua ya 7: Pembetatu ya kuegemeza nguzo

L, Enter, 300,0 Enter, @100,0 Enter, @-100,150 Enter, C, Enter. Hiyo C ya mwisho hufunga umbo kwa usahihi, kuliko kulenga nukta ya kwanza kwa jicho. Pima ubavu mrefu kwa DI: 180.28.

Hatua ya 8: Vipimo na karatasi

Andika DIMSCALE, Enter, 2, Enter, ili maandishi yasomeke tukichapa kwa 1:2. Vipimo vya mistari huwekwa kwa DLI, vya kipenyo kwa DDI. Hifadhi faili, kisha Ctrl+P: karatasi ya A4 iliyolala, ondoa tiki kwenye Fit to paper, weka 1:2.

Karatasi ikitoka, chukua rula upime ubavu wa bamba: uwe milimita 100 kamili. Ukiwa pungufu na ulichapa kupitia faili la PDF, mara nyingi aliyepunguza ni programu ya kufungulia PDF. Ifungue tena, chagua Actual size, uchape upya kabla karatasi haijafika kwa fundi.