Pima Oili ya Giaboksi Mapema, Usingoje Gari Likokotwe

Magari mengi ya giaboksi mbovu hufika gereji kwangu Changamwe, Mombasa, yakikokotwa, na mwenyewe huniapia: "Fundi, limekufa ghafla!" Nikimuuliza taratibu, hukumbuka kuwa tangu Ramadhani lilikuwa likichelewa kushika rivasi. Yaani miezi kadhaa lilikuwa likisema, na pengine oili ndiyo iliyotangulia kusema.

Basi anzia kwenye oili. Otomatiki nyingi za Toyota za miaka ya nyuma zina dipstiki ya giaboksi, kile kijiti cha kupimia oili. Liendeshe gari mpaka lipate moto, liegeshe pahali palipo sawa, uache injini ikizunguka. Kanyaga breki, pitisha liva kila nafasi kisha irudishe P. Chomoa dipstiki, ifute, itie tena, uichomoe na usome upande ulioandikwa HOT. Sasa dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Oili mpya ya otomatiki kwa kawaida ni nyekundu na yaonyesha ndani. Ikigeuka kahawia, muda wake umekwisha. Ikiwa nyeusi na yanuka kuungua, klachi za ndani zimeanza kuungua, na hapo kubadilisha oili peke yake huenda kusiokoe kitu.

Lakini ninayoiogopa zaidi ni oili ya rangi ya waridi, kama iliyochanganyika na maziwa. Hiyo imeingia maji, na huku kwetu chanzo chake nakijua. Katika magari mengi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta yenyewe. Maji ya mfereji Mombasa ni ya kubahatisha, visima vingi vina chumvi, na dereva akiona rejeta imepungua hujaza ndoo iliyo karibu. Chumvi yala chuma polepole. Siku sehemu ile ya kupozea ikitoboka, maji na oili huchanganyika, na klachi za ndani huanza kubanduka. Ukiona rangi hiyo zima injini, wala usiseme "nitaliendesha tu mpaka kwa fundi". Rejeta ibadilishwe kwanza, ndipo oili isafishwe. Ukimwaga oili ukaiacha rejeta ile ile, pesa zako zimekwenda bure. Na kuanzia siku hiyo tia kulanti, yaani maji ya dawa ya rejeta, kisima kiache kifulie nguo.

Magari ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za kupanda moja moja, kama Nissan Note na Toyota Fielder nyingi, ni shughuli nyingine. Mengi hayana dipstiki, hupimwa kwa chini. Ndani mna mkanda wa chuma unaobanwa na puli, na oili yake imeundwa ili mkanda ule ushike. Usikubali mtu akutilie oili nyekundu ya kawaida kwa kuwa ndiyo iliyoko dukani. Nissan nyingi zataka oili ya aina ya NS-2 au NS-3, Toyota nyingi zataka FE. Gari lililoshuka bandarini Kilindini huja na kitabu cha Kijapani, lakini herufi hizo zimo humo humo, utazitambua. CVT inayoanza kuchoka hutetemeka unapoondoka polepole, kama kwenye foleni ya Kibarani asubuhi. Wengi hudhani ni plagi, wakabadilisha plagi, na mtetemo ukabaki pale pale.

Otomatiki yoyote ipime hivi: injini ikiwa moto na breki imekanyagwa, toa liva N uitie D, kisha N uitie R. Gari lashika kwa sekunde moja au moja na nusu hivi. Ukingoja zaidi ya hapo, au likiingia kwa kishindo, andika tarehe.

Giaboksi inayoteleza hujulikana mlimani. Unapopanda kutoka feri ya Likoni maji yakiwa yamekupwa, au ukipita Mazeras kwenda Mariakani, tazama mshale wa mizunguko ya injini. Ukiruka juu na mwendo usiongezeke, nguvu yapotea njiani. Kwenye gia za mkono dalili hiyo hiyo ni diski ya klachi iliyokwisha. Kelele inayotokea ukikanyaga klachi ni beringi ya klachi. Ile inayotoweka ukikanyaga, mara nyingi huwa ni beringi ya ndani ya giaboksi. Gia inayochomoka yenyewe isingoje hata wiki.

Usiku tandika kartoni chini ya gari. Maji matupu ni ya eisii, joto letu hili huyatoa mengi, usihangaike. Tone jekundu ndilo la kufuatiliwa, lije kutoka giaboksi au kwenye usukani.

Taa ya O/D OFF, ile ya gia ya juu (overdrive), ikipepesa yenyewe kwenye Toyota, kompyuta ya gari imeona kosa. Fundi anayekimbilia kuifuta taa hiyo simwamini. Namba za makosa ziandikwe kwanza, na wewe ubaki na nakala.

Ukija gereji, njoo na habari kamili: lasumbua likiwa baridi au moto, gia ya ngapi, mwendo gani, tangu lini. Halafu mpakie fundi mkaliendeshe pamoja, umwonyeshe kosa lenyewe kabla hajafungua nati hata moja.