Somo: Kutoa 3L na kufunga 5L kwenye Hilux LN106

Swali la kufunga injini ya 5L kwenye Hilux iliyokuja na 3L limeulizwa hapa mara nyingi mno, na kila mara nimelijibu kwa vipande vipande. Safari hii naliandika lote, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Injini hizi mbili ni za dizeli za Toyota, za ukoo mmoja; 3L na 5L ni majina yake, si lita. 3L ina sisi 2,779 na 5L ina sisi 2,986. Mwendo wa pistoni ni ule ule wa milimita 96, ila silinda za 5L zimepanuliwa kutoka milimita 96 hadi 99.5. Kwa sababu hiyo gia boksi yako inabaki na hakuna cha kuchomelea. Nazungumzia 5L ya pampu ya dizeli ya kawaida tu. 5L-E ina pampu inayodhibitiwa kwa umeme, nayo inataka kompyuta na nyaya zake zote, kwa hiyo msiinunue kwa kudanganywa na jina.

Kabla ya kulipa, zungusha krenki kwa mkono mizunguko kamili, kisha fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utelezi mweupe kama maziwa, rudisha kifuniko na uondoke, kwa maana maji yamekwisha kuingia kwenye oili.

1. Ondoa betri, mwaga maji na oili, toa boneti, feni na radieta.

2. Weka alama ya utepe kwenye kila waya na kila hozi kabla hujaivuta.

3. Toa stata, fungua ekzosi, shikiza gia boksi kwa jeki, fungua bolti zake, halafu nyanyua injini kwa cheni bloku.

4. Nyingi za 5L za mtumba zimetoka kwenye Hiace, na sampu (beseni la oili chini ya injini) ya Hiace haina umbo la kupita juu ya difu ya mbele ya pikapu. Hamisha sampu, bomba la kunyonya oili na vikalio vya maunti kutoka kwenye injini yako ya zamani.

5. Funga mkanda mpya wa taimingi hata kama wa zamani unaonekana mzima. Linganisha alama za kemshafti, pampu na krenki, kisha zungusha krenki mara mbili kwa mkono na uzitazame tena. Mkanda ukikatika kwenye injini hii, vali hugonga pistoni.

6. Kuunganisha injini na gia boksi. Hapa ndipo nilipoharibu kazi yangu ya kwanza. Badilisha beringi ndogo iliyo nyuma ya krenki, weka pleti ya klachi katikati kwa kifaa chake, au kwa shafti ya gia boksi iliyokufa, ndipo ukaze presha pleti. Injini inapaswa kuingia hadi nyuso mbili zigusane kwa kusukumwa na mikono tu. Mimi nilibakiwa na nafasi ya kidole kimoja, jua lilikuwa limezama na mwenye gari alikuwa amesimama pembeni akisubiri, nikaamua kuivuta kwa bolti. Nilikaza ya juu, nikakaza ya chini, nikasikia mlio mkavu kama kijiti kinachovunjika. Sikio moja la gamba la gia boksi lilikuwa limepasuka, na tulipofungua tena tukakuta kitovu cha pleti ya klachi kimepinda. Nililipa vyote viwili kutoka mfukoni mwangu. Bolti ni za kushikilia tu, si za kuvuta. Nafasi ikibaki, rudi nyuma na utafute sababu, hata kama ni usiku.

7. Rudisha vilivyobaki, weka oili na maji, kisha toa hewa kwenye dizeli: piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, legeza nati za mabomba kwenye nozeli, piga stata mpaka dizeli itoke, halafu kaza.

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Tunza risiti ya ununuzi na upeleke mabadiliko hayo TRA. Walio Kenya waende NTSA.

Maswali ya wanachama

Dereva, Morogoro: Jumla ni shilingi ngapi?

Jibu: Inategemea mji na hali ya injini. Uliza maduka matatu ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, kwa siku moja.

Mwanachama mpya: Somo ni refu. Je, nikiweka 1KZ si ni sawa tu?

Jibu: Si sawa. 1KZ ni ukoo mwingine, na gia boksi yako haitalingana nayo. Somo lina urefu huo kwa sababu ya hatua ya sita, nami sitaifupisha.

Mwanafunzi wa ufundi, Tanga: Shikamoo fundi. Kama klachi iko katikati kabisa na bado injini haiingii, nianze kutazama wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, umeuliza vizuri. Kwanza tazama pembe: nafasi kati ya nyuso mbili iwe sawa juu na chini, na kama si sawa, pandisha au shusha jeki kidogo kidogo. Pili, huenda meno ya shafti yamekutana ncha kwa ncha. Ingiza gia, mwenzako azungushe shafti ya propela taratibu huku wewe ukisukuma. Tatu, tazama pini mbili za mwongozo kwenye bloku, kwani zikiwa na kutu hukwama. Zisugue na uzipake grisi.

Mwenye pikapu, Iringa: Fundi wangu amemaliza, injini inawaka vizuri, lakini breki imekuwa ngumu kama jiwe.

Jibu: Usiiendeshe kaka. Pampu ya vakyumu inayosaidia breki iko nyuma ya alternata. Ama hozi yake haikurudishwa, ama alternata iliyofungwa haina pampu hiyo. Ukiikuta ipo, hakikisha pia bomba lake la oili limeunganishwa, la sivyo itakauka na kusaga.

Mwenye pikapu, Iringa: Ilikuwa hozi. Ahsante sana. Je, radieta ya zamani itatosha?

Jibu: Inatosha ikiwa safi. Ipeleke izibuliwe kabla ya kuirudisha, na usiendeshe bila themostati kama wengi wanavyofanya. Nunua mpya, kwa maana hedi za injini hizi hupasuka zikichemka.