SOMO: Kumlisha mbwa nyama mbichi hatua kwa hatua (soma kabla hujamtupia steki)

Wakuu habari zenu. Nimeulizwa sana kuhusu hili jambo nikaona nikae niandike mara moja, na maswali mtakayoleta ntayajibu hapo chini.

Naanza na kosa langu maana ndo limenifanya niandike. Mbwa wangu wa kwanza nilimlea kwa steki tupu, nyama nzuri isiyo na mfupa hata mmoja, kila siku, nikiamini hakuna mbwa anayekula vizuri kama wangu. Alivyofika miezi 4 akaanza kuchechemea, baadae mguu wa mbele ukapinda, ikafika mahali nikimwita anainua kichwa tu hanyanyuki. Dokta wa mifugo akampiga eksirei akanionyesha mifupa imekuwa laini kwa kukosa kalsiamu. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, sasa damu ikikosa kalsiamu mwili unaenda kuichota kwenye mifupa yenyewe, kwa hiyo kila sahani niliyokuwa namwekea ilikuwa inamla mifupa taratibu. Alipona ila ule mguu haukunyooka tena.

Kwa hiyo kabla ya yote shikeni hili: nyama tupu sio mlo wa mbwa. Nyama, mfupa, maini na viungo vingine kwa vipimo vyake, hapo ndo tunaanza kuongea.

HATUA YA 1: Angalia mbwa wako na watu wa nyumbani
Mbwa mwenye shida ya kongosho, figo au ini, au anayetumia dawa zinazoshusha kinga, usimwanzishie. Na nyumbani kama kuna mtoto mchanga, mjamzito, mzee sana au mtu mwenye kinga dhaifu, mimi nakushauri kabisa upike. Mbwa anaweza kuwa mzima anarukaruka huku anatoa salmonela (bakteria wa kuharisha) kwenye kinyesi na kwenye mate, halafu anakuja kumlamba mtoto usoni.

HATUA YA 2: Mpime uzito
Mbwa aliyemaliza kukua anakula kama asilimia 2 mpaka 3 ya uzito wake kwa siku. Wadogo wa kilo 5 wanasogea kwenye 3 au hata juu kidogo, majitu ya kilo 40 yanatosheka na 2. Hizo ni namba za kuanzia tu, baada ya wiki mbili shika mbavu zake: ukizisikia kwa urahisi chini ya vidole bila kuziona kwa macho uko sawa, ukizitafuta huzipati punguza.

HATUA YA 3: Gawanya
Wengi wetu tunatumia 80, 10, 5, 5. Yaani asilimia 80 nyama (moyo na firigisi nazo zinahesabika ni nyama, watu wengi wanazipanga kwenye viungo wanakosea), 10 mfupa unaolika, 5 maini, na 5 kiungo kingine kama figo au bandama.

Tuchukue mbwa wa kilo 20 kwa asilimia 2.5. Anakula gramu 500 kwa siku. Anahitaji gramu 50 za mfupa, na bawa la kuku karibu nusu yake ni mfupa, kwa hiyo mabawa ya gramu 100 yanakupa mfupa wote unaoutaka na gramu 50 za nyama juu yake. Unaongeza nyama isiyo na mfupa gramu 350, maini 25, figo 25, basi. Sio lazima kila sahani iwe na kila kitu, unaweza kusawazisha ndani ya wiki, ila kwa anayeanza ni bora kila siku ili usisahau.

Na hata hivyo vipimo vikikaa sawa bado kuna mapengo, hasa vitamini E, zinki, iodini, manganizi na yale mafuta ya samaki. Kwa hiyo usilishe nyama ya mnyama mmoja mwaka mzima, badilisha, na ukiweza mpeleke mchanganyiko wako kwa dokta anayejua lishe autazame. Ukikaa muda mrefu bila kufanya hivyo utakuja kuona manyoya yamefifia, ngozi imekauka, na hapo keshakosa kitu kwa miezi.

HATUA YA 4: Mifupa, hapa someni taratibu
Mfupa ni MBICHI TU. Ukiuchemsha au kuuchoma unakuwa mkavu, unapasuka vipande vyenye ncha, na vile vipande vinatoboa koo au utumbo. Mfupa laini uliopikwa nao ni mfupa uliopikwa, usinibishie.

Mfupa mbichi nao sio wote. Chukua shingo, mabawa, migongo ya kuku, mbavu ndogo za wanyama wadogo. Ile mifupa minene ya miguu ya ng'ombe iliyobeba uzito wake iacheni, ni migumu kuliko meno ya mbwa na nimeona jino kubwa la nyuma limepasuka katikati kwa mfupa wa namna hiyo, na kung'oa jino la mbwa ni operesheni ya nusu kaputi. Halafu saizi: kipande kiwe kikubwa kuliko mdomo wake ili alazimike kutafuna. Shingo ya kuku kwa mbwa mkubwa mwenye pupa ni kama kidonge, anaimeza nzima. Na ukae nae pale mpaka amalize, usimwachie mfupa ukaondoka.

Kama mbwa wako hana meno, au ni mmezaji, au wewe una hofu tu, saga maganda ya mayai yaliyooshwa na kukaushwa mpaka yawe unga laini kabisa, weka kama nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama isiyo na mfupa. Inaziba pengo la kalsiamu bila hatari ya kukwama.

HATUA YA 5: Maini kidogo, usizidishe
Maini yana vitamini A nyingi, na ikizidi inajilimbikiza mwilini. Mbwa anayelishwa maini kila siku kwa wingi anaishia kuwa na shingo na viungo vimekakamaa kwa maumivu. Asilimia 5 na uishie hapo.

HATUA YA 6: Friza
Nyama igandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 au zaidi, hiyo inasaidia kuua mabuu ya tegu na baadhi ya vimelea vingine. Ila naomba hili lisisahaulike: friza HAIUI salmonela wala bakteria wenzake, inawalaza tu, ukiyeyusha wanaamka. Maini au mapafu ya kondoo na mbuzi yenye vifuko vya maji usimpe mbwa hata kama umegandisha, tupa mahali asipofika, maana mbwa akila hivyo vifuko anapata tegu mdogo ambaye mayai yake yakimwingia binadamu yanaota vifuko kama hivyohivyo kwenye ini la mtu. Mbwa wa nyama mbichi anahitaji ratiba ya dawa ya minyoo, na ile ya tegu wengine hupangiwa hata kila wiki 6, muulize dokta wako.

Yeyusha ndani ya friji, sio juu ya meza.

HATUA YA 7: Mhamishe polepole
Siku 10 mpaka 14. Anza na aina moja ya nyama isiyo na mafuta mengi, robo ya sahani, kisha nusu, ukiona choo kimetulia ndo unaongeza. Maini yaje mwisho, yanaharisha. Mafuta mengi ghafla yanaweza kuwasha kongosho, mbwa anatapika huku amekunja mgongo, hiyo ni ya kukimbia kwa dokta sio ya kusubiri.

HATUA YA 8: Usafi
Ubao wake, kisu chake, bakuli la chuma linalooshwa kwa maji ya moto na sabuni kila akimaliza. Asipomaliza ndani ya nusu saa toa, weka friji au tupa. Nawa mikono. Kinyesi kiokotwe siku hiyohiyo.

HATUA YA 9: Soma choo
Choo cheupe kinachovunjika kama chaki na mbwa anajikamua sana, mfupa umezidi. Cheusi na chepesi, mara nyingi maini yamezidi. Kilaini kila siku, mfupa umepungua au mafuta ni mengi. Ukiona damu, au anatapika hali kabisa, acha kusoma masomo mpeleke.

MASWALI YA WADAU

Mdau: Mwalimu, wazee wanasema mbwa akizoea damu anakuwa mkali anaweza kuuma watu. Kweli?
Jibu: Hapana mkuu, ukali unatoka kwenye malezi, woga na asili yake, sio kwenye damu ya nyama. Ila kuna kitu kinachowachanganya watu: mbwa akipewa mfupa anaulinda, hata mpole anaweza kukunguruma ukimsogelea. Mlishe peke yake na watoto wakae mbali, na mfundishe mapema kukuachia kitu kwa kubadilishana na kingine.

Mdau: Nyama ya nguruwe je?
Jibu: Mbichi mimi siwapi. Kuna kirusi cha nguruwe kinaitwa Aujeszky, nguruwe mkubwa anaweza kukibeba bila dalili lakini mbwa akikipata anajikuna kama mwendawazimu na anakufa ndani ya siku chache. Zipo nchi zilizokitokomeza kwa nguruwe wa kufugwa, wa porini bado. Ipike.

Mdau: Mbwa si ni mbwa mwitu tu jamani, kwa nini asile nyama peke yake?
Jibu: Kwanza mbwa mwitu hali steki, anakula mnyama na mifupa na maini. Pili mbwa ameishi na binadamu maelfu ya miaka akabadilika, utafiti wa jeni uliotoka 2013 ulionyesha mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu. Kwa hiyo boga au wali kidogo uliopikwa haumdhuru. Vitunguu, zabibu, chokoleti na vitu vyenye zailitoli (sukari mbadala ya kwenye bigijii) usimpe kabisa.

Mdau: Napata makoo ya ng'ombe mengi, naweza kuyafanya ndo nyama yake?
Jibu: Dada angalia sana hapo. Kwenye koo mara nyingi kunabaki tezi ya thairoidi, mbwa akiila mfululizo homoni zake zinapanda, anakonda, anahema, anakunywa maji sana, hatulii. Toa hiyo tezi au achana na makoo.

Mdau: Dokta wangu kakataa kabisa, anasema ni ushamba.
Jibu: Usimchukie. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani tangu 2012 kinashauri watu wasiwape wanyama nyama mbichi kwa sababu ya bakteria, na hoja hiyo ni ya kweli. Mimi nimechagua nikijua hatari. Mwambie ukweli unalisha nini ili akitibu ajue, na kama huwezi hatua ya 8 kila siku bila kuchoka, pika nyama, toa mifupa, ongeza kalsiamu. Mbwa anaishi vizuri tu.

Mdau: Kaka mi nina mtoto wa mbwa wa aina kubwa, miezi 3, nimempa nyama tupu wiki 5 sasa. Tangu juzi anachechemea mguu wa nyuma. Nianze kumpa mifupa kwa wingi ili ifidie?
Jibu: Hapana, usifidie. Watoto wa aina kubwa hawawezi kuzuia kalsiamu isiingie mwilini, ikizidi nayo inaharibu mifupa. Leo mrudishe kwenye chakula kamili cha watoto wa mbwa wa aina kubwa, asiruke, asipande ngazi, mbebe. Kesho asubuhi mpeleke, omba eksirei ya miguu yote minne na umweleze dokta hizo wiki 5 bila kuficha. Mimi nilisubiri wiki mbili nikidhani ameumia akicheza. Nenda kesho, halafu uje utuambie amesemaje.