Kujenga na Kurekebisha Spika za Mstari kwa Ajili ya Sebule

Spika ya mstari ni safu ya spika ndogo zinazofanana, zilizopangwa wima na kukaribiana sana, zote zikipokea ishara ileile kwa wakati mmoja. Wakazi wengi wa Dar es Salaam wamekwisha kuziona za aina mbili: nguzo nyembamba zinazofungwa ukutani katika misikiti na makanisa, na mafungu makubwa yanayoning'inizwa kando ya jukwaa kwenye matamasha, ambayo mafundi huyaita laini arei. Haya ya matamasha yalienea tangu miaka ya 1990, baada ya Mfaransa Christian Heil na kampuni ya L-Acoustics kutoa mfumo wa V-DOSC, nayo hupindwa ili sauti imfikie aliye mbele na aliye nyuma kabisa ya uwanja. Ya sebuleni haina haja ya kupindwa. Husimama wima kutoka karibu na sakafu hadi karibu na dari, na kazi yake ni kumpa kila aliyemo chumbani, awe ameketi kwenye kochi, mkekani au amesimama mlangoni, sauti inayokaribiana kwa ukubwa na kwa uwiano.

Mwongozo huu unamhusu fundi anayejua kulehemu na kutumia mita, na anayeweza kuelewana na seremala. Unafuata kanuni moja: kasoro ambazo ikwalaiza (kirekebishi cha uwiano wa masafa) haiwezi kuziondoa zishughulikiwe kwa rula kabla ubao haujakatwa, na zile ambazo inaziweza ziachiwe kipimo cha mwisho.

Hatua ya 1: Pima chumba

Pima kimo cha dari kwa futi kamba, wala usikisie. Mstari unapaswa kufikia angalau asilimia 70 ya kimo hicho, kwa sababu sakafu na dari hurudisha sauti na kuufanya mstari uwe kana kwamba unaendelea juu na chini ya chumba. Ukiwa mfupi mno, pengo linabaki kati ya mstari wenyewe na mwendelezo wake. Nitatumia mfano wa dari ya mita 2.7 na msikilizaji aliye mita 3 kutoka kwenye spika. Mstari wa mita 2.1 unatosha hapo.

Spika ya kawaida hupoteza desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, ilhali mstari hupoteza desibeli 3 tu, mradi msikilizaji awe ndani ya eneo lake la karibu. Ili kujua mwisho wa eneo hilo, chukua urefu wa mstari kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, zidisha tena kwa masafa, kisha gawanya kwa mara mbili ya kasi ya sauti. Vitabu vingi huandika kasi ya mita 343 kwa sekunde, ambayo ni ya nyuzijoto 20. Kwa nyuzijoto 30, ambazo ndizo zetu kwa sehemu kubwa ya mwaka, ni takriban mita 349. Kwa mfano wetu, msikilizaji wa mita 3 yumo ndani ya eneo la karibu kwa masafa yote yaliyo juu ya hezi 475 hivi. Chini ya hapo sakafu na dari ndizo zinazousaidia mstari, na ndiyo maana vigae tupu, vinavyolaumiwa katika mambo mengine ya muziki, havina ubaya miguuni pa spika hizi. Zulia na mapazia mazito yapeleke kwenye kuta za pembeni.

Hatua ya 2: Chagua spika kwa kuangalia nafasi kati ya vitovu

Uamuzi huu ndio mzito kuliko yote, na ndio unaoharibiwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa macho huvutwa na koni kubwa. Spika mbili zinazocheza sauti moja huungana vizuri zikiwa zimekaribiana kuliko urefu wa wimbi zinalolicheza. Nafasi kati ya kitovu cha moja na cha jirani yake ikizidi urefu huo, mawimbi hujumlishana upande mmoja na kufutana upande mwingine, na mchoro wa mwitikio hutoka na meno ya kitana. Nafasi ya nusu wimbi ni bora zaidi, ila ni vigumu kuipata kwa masafa ya juu.

Hesabu yake ni nyepesi: gawanya kasi ya sauti kwa nafasi hiyo. Spika za inchi 3.5 zinazokaa milimita 85 kutoka kitovu hadi kitovu hufikia urefu wa wimbi mmoja kwenye kilohezi 4.1. Za inchi 2.5, zikikaa milimita 65, hufika kilohezi 5.4. Za inchi 6, zikikaa milimita 165, huanza kugombana kwenye kilohezi 2.1, yaani katikati kabisa ya eneo linaloyapa maneno ya mwimbaji uwazi wake. Kasoro hiyo haiponi kwa ikwalaiza, kwani ukirekebisha sehemu moja ya chumba umeiharibu nyingine.

Ninapendekeza spika 25 za inchi 3.5 kwa kila upande, za aina inayocheza masafa yote. Meno ya kitana hayatakosekana juu ya kilohezi 4, lakini kwa umbali wa mita 3, ndani ya chumba chenye mwangwi wake, sikio huyavumilia kuliko mchoro unavyotisha. Asiyeyavumilia anaweza kuongeza mstari wa pili wa tuita (spika za masafa ya juu) ndefu za utepe pamoja na krosova (kigawanyi cha masafa), lakini gharama yake huongezeka sana, hivyo sitauingilia hapa.

Ukinunua Kariakoo, omba spika zote zitoke kwenye boksi la toleo moja, ongeza mbili au tatu za akiba, na upime kila moja kwa mita papo hapo dukani. Yoyote inayotofautiana na wenzake kwa zaidi ya nusu omu irudishe. Epuka spika za magari zenye tuita ndogo iliyosimamishwa katikati ya koni, kwa sababu tuita 25 zisizopangiwa lolote ni fujo. Chagua pia zenye ukingo wa mpira, maana ukingo wa sponji huoza mapema katika unyevu wa pwani.

Hatua ya 3: Kasha

Kasha lililofungwa kabisa ndilo rahisi na salama. Katika karatasi ya takwimu za spika tafuta Qts, yaani kipimo cha jinsi spika inavyoudhibiti mtikisiko wake, na Vas, yaani ujazo wa hewa wenye unyumbufu sawa na wa koni. Gawanya Q (kipimo hichohicho cha udhibiti) unayoitaka spika ikiwa ndani ya kasha kwa Qts, jibu ulizidishe kwa lenyewe, toa moja, kisha gawanya Vas kwa hicho ulichopata. Kwa mfano, spika yenye Qts ya 0.55 na Vas ya lita 2, ikitakiwa kufikia Q ya 0.8, inahitaji lita 1.8 hivi, hivyo spika 25 zinahitaji takriban lita 45. Kasha lenye upana wa ndani wa sentimita 12, kina cha sentimita 17 na urefu wa sentimita 220 linatoa ujazo huo.

Usiliache likawa bomba moja refu. Hewa iliyo ndani ya bomba la mita 2.2 hujibu kwa mlio wake yenyewe karibu na hezi 79, na mlio huo hutokea kwenye koni kama besi nzito isiyo ya muziki. Ligawe kwa mbao za ndani katika vyumba vitano vilivyozibwa, kila kimoja na spika tano. Mlio utapanda hadi hezi 400 hivi, ambako pamba ya polyesta, ileile inayojazwa kwenye mito, inaumeza bila taabu. Pamba hiyo isishindiliwe.

Mafundi seremala wa Keko wanayakata makasha haya vizuri ukiwapelekea mchoro wenye vipimo kwa milimita na kusisitiza kwamba vitovu vya matundu vifuatwe, si kingo zake. Ubao wa futi 8 kwa 4 una urefu wa mita 2.44, hivyo kila upande wa kasha hutoka bila kiungo. MDF ya milimita 18 inafaa, ila kingo zake hunywa unyevu na kuvimba. Zipakwe gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, zikauke, zipigwe msasa, ndipo rangi ifuate. Marine bodi ni ghali zaidi lakini kwa nyumba zilizo karibu na bahari ningeichagua hiyo. Kabla ya kulipa, pima pia ngazi na kona za kuingilia nyumbani.

Hatua ya 4: Nyaya

Spika tano za omu 8 za chumba kimoja cha kasha ziunge kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya inayofuata, upate omu 40. Kisha mafungu yote matano yaunge sambamba, na jumla inarudi kuwa omu 8, mzigo ambao amplifaya yoyote ya nyumbani inaumudu. Spika za omu 4 zikiungwa hivyohivyo hutoa omu 4. Ukipima kwa mita utaona tarakimu iliyo chini kidogo ya hizo, kati ya 6 na 7 kwa mzigo wa omu 8, na hiyo ni kawaida.

Amplifaya ya wati 50 huipa kila spika wati 2 tu. Koni hazichoki, na mtikisiko wa kila moja ni mdogo sana hata sauti ikiwa kubwa. Usafi wa sauti ya mstari hutokana hasa na jambo hili.

Kabla ya kuziba kasha, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha za kila fungu na uangalie koni zote tano zikisogea mbele kwa pamoja. Spika moja iliyogeuzwa kati ya 25 hupunguza sauti kwa chini ya desibeli 1, kiasi ambacho sikio halikitambui, lakini huharibu mpangilio wa mawimbi eneo zima linaloizunguka. Lehemu viungo vyote. Vya kubana hushika kutu kwa chumvi ya hewa yetu.

Hatua ya 5: Kupima na kurekebisha

Utahitaji maikrofoni ya kupimia yenye faili lake la kalibresheni, kompyuta yenye programu ya kupimia sauti ya REW, ambayo hupatikana bure, na kifaa cha DSP (cha kuchakata sauti kidijitali) au programu ya ikwalaiza kwenye kompyuta inayocheza muziki. Zima panga boi, kwa sababu pamoja na kelele zake, mapanga yanayozunguka huyumbisha masafa ya juu. Funga madirisha, na chagua saa ambayo bodaboda zimepungua.

Weka maikrofoni mahali pa msikilizaji, kwenye kimo cha masikio. Mazoea ya kupima kwa mita 1 yaache, kwani kwa umbali huo mstari haujaungana na mchoro utakudanganya. Pima kila upande peke yake, mahali sita au saba ndani ya duara la nusu mita, kisha chukua wastani wake.

Mchoro wa kwanza utaonyesha sauti ikishuka kadiri masafa yanavyopanda, kwa desibeli 3 hivi kila oktavu. Spika hazina ubovu. Kwa msikilizaji wa mita 3, sauti ya spika ya mwisho wa mstari hupita njia ndefu kwa sentimita 17 kuliko ile ya katikati. Kwa besi umbali huo si kitu. Kwenye kilohezi 1 ni nusu ya wimbi, na juu zaidi spika za pembezoni hazichangii tena kama zinavyochangia chini. Kutoka kilohezi 1 hadi 16 kuna oktavu nne, hivyo upungufu hufika desibeli 12.

Wengi hukimbilia kupandisha trebo kwa desibeli 12, na amplifaya huishiwa nguvu kwenye kila kishindo cha matoazi. Shusha masafa ya chini badala yake. Spika 25 zilizoungwa hivi zina akiba ya desibeli 14 juu ya spika moja katika masafa hayo, na akiba hiyo ndiyo ya kutumia. Tumia kichujio kimoja kipana cha mteremko kwanza, pima upya, ndipo uguse vilima vinavyobaki. Lengo langu ni mchoro unaoshuka taratibu, desibeli 4 hadi 6 kwa jumla kutoka hezi 100 hadi kilohezi 10. Mashimo membamba usiyajaze hata kidogo, maana ukiongeza nguvu palipo na mawimbi yanayofutana, unayaongeza mawimbi yote mawili, na yanaendelea kufutana.

Hatua ya 6: Sabufa

Mstari huu ukatwe kwenye hezi 100 kwa kichujio cha Linkwitz-Riley cha desibeli 24 kwa oktavu, na chini ya hapo ishike sabufa. Geuza fezi ya sabufa (chanya na hasi zibadilishane), pima tena kwenye hezi 100, na ubaki na mpangilio unaotoa jumla kubwa zaidi.

Uwiano wa viwili hivi utabadilika unapotembea, kwa kuwa sauti ya sabufa haishuki kwa umbali kwa kiwango kile cha mstari. Seti uwiano kwa kochi linalotumika zaidi, na anayetaka besi iliyo sawa kila kona aongeze sabufa ya pili upande wa pili wa chumba kabla ya kuhangaika na vichujio.

Kwa jaribio la masikio, changanya pande zote mbili kuwa mono: mwimbaji asimame katikati, kwa kimo kilekile ukiwa umeketi au umesimama. Kisha cheza taarabu yenye kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na fidla, na muziki wa dansi wenye magitaa matatu. Kanuni ikisikika kali kama waya, shusha eneo la kilohezi 3 hadi 6 kwa desibeli 1 au 2. Gitaa la rithimu likizama chini ya besi, rudi kwenye hezi 200 hadi 400, kwani mara nyingi mteremko wako wa kwanza haukushuka vya kutosha hapo. Hifadhi kila toleo la mipangilio kwenye kompyuta na kwenye flashi pia, na umeme ukikatika zima swichi ya amplifaya kabla haujarudi, kwa sababu baadhi ya vifaa vya DSP hutoa mshindo mkubwa vinapowaka upya.